Kulia wa Kilolo, Kushoto wa Uyole

Mzee Anania Kihwele ndiye aliyenishonea sare yangu ya kwanza ya shule. Ni fundi cherehani pekee niliyewahi kumwona akikanyaga mashine kwa mguu mmoja, magongo yake yameegemea ukutani kama wateja wanaosubiri suruali. Mguu wa kushoto aliuacha kwenye vita vya Kagera mwaka 1979, chini kidogo ya goti. Alikuwa mgambo wa miaka ishirini na mmoja kutoka kijiji chetu hapa Kilolo, hata Dodoma hajawahi kufika, akakanyaga bomu lililofukiwa njiani na kuamkia hospitalini.

Habari ya bomu aliimaliza kwa sentensi hiyo moja. Mtu akitaka kujua zaidi, alimuuliza kama suruali yake anaitaka na marinda au bila marinda. Alichopenda kusimulia ni habari ya buti.

Kitanda cha jirani pale hospitalini alilala kijana wa Kinyakyusa kutoka Uyole, Mbeya, jina lake Ambokile Mwakalinga. Yeye alikatwa mguu wa kulia. Siku zao za kuruhusiwa zilipokaribia, akaja koplo wa stoo na orodha: kila askari anayerudi nyumbani apewe jozi moja ya buti. Anania akamweleza kwa heshima kwamba yeye buti moja ingemtosha. Koplo akasema orodha inasema jozi. Ambokile akashauri basi wapewe jozi moja, wagawane. Koplo akasema jozi haigawanyiki, akiigawa, ataulizwa. Akawasimamia mpaka wote wawili wakatia sahihi, akaenda zake, akaacha buti nne kwa watu wawili wenye jumla ya miguu miwili.

Wakapima. Wote saizi arobaini na tatu. Wakabadilishana pale pale kitandani, na Anania akarudi Kilolo na buti mbili za kulia, Ambokile akarudi Uyole na mbili za kushoto. Tangu siku hiyo hawakuitana majina. Mmoja alikuwa Kulia, mwingine Kushoto.

Buti zile zilidumu miaka mitano. Zilipokwisha, Anania akaenda Iringa mjini kununua viatu, akarudi na jozi, maana hakuna duka linalouza nusu. Mkewe Lusia, ambaye sasa ni marehemu, akamuuliza kile cha kushoto wakifanyeje. Akakifunga kwa gazeti, akakipeleka stendi, akampa kondakta wa basi la Mbeya. Baada ya wiki mbili ikaja barua: kimemkaa vizuri, mwaka ujao atanunua yeye. Ikawa hivyo. Mwaka mmoja kiatu cha kushoto kinakwenda Mbeya, mwaka unaofuata cha kulia kinakuja Iringa, karibu miaka arobaini.

Hayakukosekana matatizo. Karani wa vifurushi pale stendi alikataa kwa muda mrefu kupokea kiatu kimoja, akidhani ni cha wizi, mpaka Anania alipomwonyesha panapokosekana mguu. Mwaka mmoja kifurushi kikaibwa kweli njiani, na kesho yake mwizi akakirudisha mwenyewe stendi akiwa amekasirika sana. Tena Ambokile alikuwa mtu wa kupenda mambo. Mwaka wa zamu yake alinunua viatu vya rangi ya haradali vyenye ncha kali, na Anania, mzee wa usharika wa Kilutheri, akalazimika kupeleka sadaka mbele ya madhabahu kwa mwaka mzima akiwa na mguu mmoja wa mwanamuziki.

Zaidi ya hayo hawakuwa na mazungumzo mengi. Simu za mkononi zilipokuja, walipigiana kuulizana hali ya soli. Vita hawakuvitaja.

Mwaka 2022 binti wa Anania, Pendo, mwalimu pale Iringa mjini, akasikia kuna wageni wamekuja kutoa miguu ya bandia bure. Akamchukua baba yake alfajiri, lakini foleni ilikuwa imeshafika barabarani, na zamu ya Anania ilipowadia ulikuwa umebaki mguu mmoja tu. Ulikuwa wa kushoto, kwa bahati, ila mfupi kwa vidole viwili, na unyayo wake saizi thelathini na tisa. Mtaalamu akauangalia, akamwangalia Anania, akamwambia atazoea.

Akazoea. Kutoka kituo cha basi mpaka nyumbani alipanda kilima akiinamia kushoto, magongo ameyabeba begani kama jembe, na watoto wa shule wakamfuata kwa nyuma wakiinama vilevile, wakidhani ndiyo mwendo wa siku hiyo.

Alipofika nyumbani ndipo akaona balaa lake. Mguu mpya ulikuwa wa kushoto, na kila kiatu cha kushoto kwa miaka yote ile kilikuwa mali ya Ambokile. Siku mbili hakula vizuri. Alijiona kama mtu aliyeoa mke wa pili kwa siri. Siku ya tatu akapiga simu Uyole, akakiri yote, kuanzia foleni mpaka kilima.

Ambokile akauliza saizi. Akaambiwa thelathini na tisa.

“Basi huo si mguu wako, Kulia,” akasema. “Wako nilikuwa naujua. Huyo ni mgeni. Mgeni mnunulie viatu vyake, mimi usiniingize.”

Anania akashukuru mpaka machozi yakamlengalenga. Akaenda mjini kununua viatu vyeusi vya shule, saizi thelathini na tisa, vya mtoto wa darasa la saba mwenye afya. Cha kushoto akakivaa kwenye mguu wa bandia. Cha kulia kikabaki.

Sasa hapo ndipo inabidi umwelewe mzee huyu. Tangu vita viishe hakikuwahi kutokea kiatu mikononi mwake kikakosa mwenyewe. Alikiweka rafuni juu ya vitambaa, na kila alipokanyaga cherehani akakiona kimekaa pale kama askari aliyeshuka kwenye lori la kutoka vitani na hakuna ndugu aliyekuja kumpokea. Hivyo ndivyo alivyoniambia, kwa maneno hayo, na kwake ilikuwa mara ya kwanza kulitaja lori. Nikamwambia akitupe. Akaacha kushona, akaniangalia mpaka nikaaga.

Jumapili iliyofuata, baada ya kwaya na kabla ya mnada wa mavuno, mwinjilisti wetu Zabron akasimama kusoma matangazo. Akasoma la mbegu za viazi, akasoma la ndoa mbili, kisha akasoma bila kubadilisha sauti:

“Anatafutwa muumini, au hata asiye muumini, mwenye mguu wa kulia peke yake, saizi thelathini na tisa. Afike kwa Mzee Anania.”

Bibi mmoja aliyekaa mbele akauliza mguu huo umepotelea hapa hapa kanisani au njiani. Zabron akasema tangazo halikueleza, akaendelea na lile la fagio.

Watu walicheka wiki nzima. Lakini Tekla wa kwaya ya akina mama hakucheka, kwa sababu alikuwa na binamu yake kijijini Kalenga, Paskalina, mjane wa miaka hamsini na minane, msuka vikapu vya majani ya milulu. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemnyang'anya mguu wa kushoto miaka minne nyuma. Tekla akapeleka habari, na baada ya wiki tatu bodaboda ikasimama mbele ya kibanda cha Anania. Akashuka mwanamke mnene mwenye magongo mawili, gongo moja likiwa limefungwa kikapu.

“Kamwene, baba,” akasalimu. “Nimeambiwa kuna kiatu kinanitafuta.”

Anania akamkaribisha kiti, akakishusha kiatu rafuni, akakifuta kwa mkono wa shati. Paskalina akakipokea, akakigeuza, akakivaa. Kikamkaa kama kimeshonewa mguuni. Anania akafurahi, akaanza kumweleza habari za basi na zamu za kununua.

Paskalina akakivua. Akasema kwa upole kwamba mumewe alimwacha na heshima zake, na kwamba hatakwenda misa ya Kalenga na kiatu cha mwanafunzi. Kama ni ushirika, yuko tayari, lakini viatu atachagua yeye.

Anania alikuwa amekubali ncha kali za rangi ya haradali kwa ajili ya Kushoto. Angekataa kwa sababu gani? Wakakubaliana. Kile cheusi Paskalina akakichukua kwa ajili ya shambani, na baada ya siku kumi kikaja kutoka Kalenga kiatu cha kushoto cha rangi ya damu ya mzee, soli nene ya kike, na ua dogo la ngozi pembeni.

Anania alikivaa peke yake kwanza, mlango umefungwa. Akasimama. Kisha akafungua mlango, akaita watu. Soli ile nene ilikuwa imefidia vile vidole viwili vilivyopungua, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1979 Mzee Anania Kihwele alikuwa amesimama wima kama mlingoti, kulia kiatu cha mwanamume, kushoto cha mwanamke. Alitembea mpaka mashine ya kusaga na kurudi. Watoto waliomfuata safari hii hawakuwa na cha kuiga.

Baraza la wazee wa usharika lilikaa Jumamosi. Suala lilikuwa moja: je, mzee wa kanisa anaweza kugawa vikombe vya Meza ya Bwana amevaa kiatu cha kike? Baba yangu alikuwemo, na alirudi saa kumi na moja jioni kichwa kinamuuma. Walisoma Kumbukumbu la Torati, pale panapokataza mwanamume kuvaa mavazi ya mwanamke. Mmoja akahoji kama Musa alifahamu miguu ya bandia. Mwingine akasema mguu huo haukubatizwa, kwa hiyo hauwezi kutengwa. Walipochoka, wakamwita Anania mwenyewe aingie. Akaingia wima, na wengi wao hawakuwa wamejua kwamba yeye ni mrefu kuliko mwenyekiti.

Uamuzi uliandikwa kwenye daftari la vikao, na upo mpaka leo: plastiki haina jinsia. Ila waliomba lile ua liondolewe. Anania akaomba ruhusa kwa Paskalina kwa simu. Paskalina akakataa, na baraza likaonelea lisikae tena.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Ambokile kununua, naye akasema amechoka kusikia habari za huyo mama wa Kalenga kwa simu. Waje Mbeya wote, wanunue kwa pamoja. Mimi niliwasindikiza, kwa kuwa nilikuwa na safari yangu ya huko. Ambokile alitupokea stendi na mkewe Ikupa. Nilitegemea kuona wazee wawili wakikumbatiana. Walichofanya ni kuinama, kila mmoja akakagua kiatu cha mwenzake, na Ambokile akasema cha Anania kimeliwa kisigino upande wa nje, tabia mbaya ile ile.

Kwenye soko la Mwanjelwa tulimkuta muuza viatu aitwaye Lusekelo, kijana mchangamfu aliyetandaza viatu vya mtumba mpaka njiani. Akauliza nani anavaa. Wote watatu wakasema mimi. Akauliza jozi ngapi. Ambokile akasema mbili. Lusekelo akahesabu watu, akahesabu miguu, akaomba samahani, akahesabu tena kwa kidole. Ikupa akamweleza polepole: pea moja kubwa, kulia ya huyu, kushoto ya huyu, pea moja ndogo, kulia ya mama, kushoto ya huyu tena, lakini mguu ule si wake. Lusekelo akakaa juu ya gunia. Akavua ndala zake mwenyewe, akaziweka mbele yake, akazisogeza huku na huku kwa muda mrefu, kama mtu anayecheza bao. Kisha uso ukamng'aa, akaita wauzaji wenzake, na mtaa mzima wa viatu ukaacha biashara kuja kusikiliza. Mwanamke mmoja aliyeuza mikoba alisema hata yeye ana shemeji yake Tunduma, mguu wa kulia, ila ni saizi arobaini na moja. Jina lake likaandikwa.

Paskalina alichagua kwa saa mbili. Hakuna aliyemharakisha.

Tulikula kwa Ambokile, Uyole, ndizi zilizopikwa na maharage, tumekaa uani kwenye jua, viatu vipya vimepangwa kwenye ukingo wa kibaraza. Ikupa alikuwa akimenya maparachichi. Paskalina, aliyekuwa akipimapima kiatu chake kwa macho, akauliza tu, kama anavyouliza mtu bei ya nyanya:

“Sasa nyie, huko vitani ilikuwaje?”

Nikamwangalia Anania, nikisubiri swali la marinda. Halikuja. Alitafuna, akameza, akasema yeye anachokumbuka ni usiku wa kwanza baada ya kukatwa. Alikuwa analia, akiuma shuka ili asisikike, na Ambokile kitanda cha pili alikuwa akiimba wimbo wa kwao wa kulima, kwa sauti ndogo, mpaka kukakucha. Akasema maisha yake yote ameishi kwa kumwonea haya Kushoto, maana wakati yeye analia mwenzake aliimba. Ndiyo maana hajawahi kumkatalia kiatu chochote, hata cha haradali.

Ambokile aliweka sahani chini.

“Aliyeimba ni wewe,” akasema. “Mimi ndiye niliyekuwa nalia.”

Wakaanza kubishana. Ambokile alikumbuka hata maneno: ulikuwa wimbo wa Kihehe, lugha ya kwao Anania, na yeye Kihehe hakijui. Anania akasema ulikuwa wa Kinyakyusa, na akauimba kidogo kuthibitisha. Ikupa akasema huo si Kinyakyusa cha mahali popote. Ambokile naye akaimba wake, na Paskalina akasema hicho si Kihehe, labda ni cha ng'ombe. Wakaimba tena, kila mmoja akimfundisha mwenzake wimbo ambao mwenzake anadaiwa kuuimba, sauti zikapanda, jirani akachungulia juu ya ukuta. Katikati ya ubishi Ambokile akaanza kucheka, halafu nikaona hacheki tena, mabega ndiyo yanatikisika. Anania akamshika mkono, naye akawa vilevile.

Paskalina aliwaacha. Walipotulia, akasema kwamba yeye usiku wake wa kwanza hospitalini alilia na kuimba vyote kwa pamoja, wimbo wa Bikira Maria, na muuguzi alimwomba achague kimoja. Kwa hiyo haoni ajabu. Akamwomba Ikupa parachichi jingine.

Tangu siku ile Anania husimulia. Si sana. Ukienda kupima shati anaweza kukwambia jina la kijana aliyekuwa mbele yake siku ya bomu, au jinsi walivyopika ugali ndani ya kofia ya chuma, kisha anakuinua mkono na kuendelea kupima.

Watu wa Kilolo wanauliza kama atamuoa Paskalina. Yeye husema mama huyo ni Mkatoliki wa kweli na hajaposwa. Paskalina naye, akiulizwa, husema alikuja kwa ajili ya kiatu. Lakini kila Alhamisi Anania hupanda basi mpaka mjini, na la pili mpaka Kalenga, amebeba vitambaa. Paskalina anasuka vikapu, yeye anavitia bitana ndani, na watalii wanaokuja kuona makumbusho ya Mkwawa wanavipenda.

Wiki iliyopita nilipitia huko kuchukua kikapu cha mama yangu, nikawakuta wamekaa mkekani barazani. Jua lilikuwa kali, Anania ameuvua mguu wake, magongo ya Paskalina yako ndani. Ng'ombe wa jirani alikuwa katikati ya bustani ya mboga, anakula kabichi bila haraka yoyote. Walikuwa wamemkemea kwa Kihehe na kwa Kiswahili, hakujali. Basi wakawa wanamrushia viazi kutoka kwenye sufuria waliyokuwa wakimenyea. Kila kiazi kilichotua, ng'ombe aligeuza kichwa, akakiokota, akakila, akasogea hatua moja kuelekea barazani kutafuta kingine.

“Usiende,” Paskalina akaniambia nilipotaka kwenda kumfukuza, machozi ya kicheko yanamtiririka. “Kaa. Hebu ona atafika wapi.”

Nikakaa. Anania akachagua kiazi kikubwa, akalenga.